Stara si Kuficha

Rafiki yangu aliniruhusu kuandika makala haya kwa masharti mawili. La kwanza, nisitaje jina lake wala la mtu yeyote wa kwao. La pili alilisema ameinamisha uso, anachambua karafuu: "Usiwaoneshe mkono wangu." Nikamwambia sawa, nikidhani ni jambo dogo. Nilipokaa kuandika ndipo nilipoona kwamba sharti lile ni swali zito la uhakiki, na kwamba vitabu kadhaa ninavyovipenda visingeweza kulitimiza.

Basi mkono wake hamtauona. Mtakachokijua ni hiki: tuna umri mmoja, na tumekua pamoja Chokocho, kusini mwa Pemba, pale watu wanapopandia mashua kwenda Kisiwa Panza. Mimi nilikwenda kusoma, na sasa niko katika shahada ya uzamili ya fasihi ya Kiswahili. Yeye alibaki nyumbani. Kwa miaka kadhaa, kila jambo linapomzidi, amekuwa akijiumiza kwa makusudi, mahali ambapo nguo inafunika. Niliijua siri hiyo miezi mingi kabla sijafanya lolote la maana, na muda huo wote nilikuwa nasoma riwaya za watu wanaojiangamiza na kuziandikia insha za kurasa kumi na tano.

Nianze na maneno, maana mwanafunzi wa lugha hana pengine pa kuanzia. Kiswahili kina neno *kujiua*, na kila mtu analijua. Wataalamu wa afya husema *kujidhuru* wakikusudia mtu anayejiumiza mwenyewe, akitaka kufa au asitake. Lakini neno hilo ni la semina na vipeperushi. Barazani halipo. Mtu wa Chokocho akisikia habari ya msichana kama rafiki yangu atasema kachezewa, au ana shetani, au ana jambo lake, au anajitakia. Sizidharau kauli hizi. "Ana jambo lake" ni kauli ya huruma mara nyingi. Inampa mtu nafasi bila kumhoji. Tatizo ni kwamba zote zinafunga mazungumzo. Ukishasema ana jambo lake, umeliacha kuwa lake.

Rafiki yangu mwenyewe aliniambia kwamba hakuwa akitaka kufa. Alichotaka ni kelele za kichwani zinyamaze kidogo. Nilimwamini, na bado namwamini. Hata hivyo wataalamu wanasema mambo mawili ambayo lazima yakae pamoja: wengi wanaojidhuru hawakusudii kufa, lakini kujidhuru kunaongeza hatari ya kufa baadaye. Mimi niliishika sentensi ya kwanza kwa sababu ilinipa usingizi, nikaiacha ya pili.

Katika semina yetu tulikuwa tukisoma *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971, mwandishi akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini kama sisi. Hadithi inajulikana. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, na anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana aitwaye Charles. Anakwenda shule ya wasichana, kisha chuo cha ualimu. Hofu aliyopandiwa nyumbani inageuka kuwa kitu kingine. Mwishoni, Charles yule yule anamkataa kwa yaliyopita, na Rosa anajiua. Kwa muda kitabu kilipigwa marufuku mashuleni. Leo ni vigumu kuzungumzia riwaya ya Kiswahili bila kukitaja.

Insha yangu ilikuwa ya sifa tupu. Niliandika kwamba Kezilahabi alivunja ukimya: aliyaleta mezani yale yaliyosemwa kwa kunong'ona, kipigo cha baba, mimba zinazotolewa, wakubwa wanaowatumia wasichana. Bado naamini hivyo. Wakati huo riwaya nyingi za Kiswahili bado zilikuwa zikimpeleka mwema kwenye tuzo na mbaya kwenye adhabu, na mtu aliyeandika kwamba binti anaweza kuharibiwa na malezi makali ya baba yake alikuwa na ujasiri.

Likizo ile nilirudi Chokocho na kitabu mkobani. Rafiki yangu akakisoma kwa siku mbili. Nilimuuliza amekionaje, nikitaraji atasema kimemliza. Alisema: "Huyu Rosa kila mtu anamtazama, shoga. Hata mwenye kuandika anamtazama. Hakuna aliyekaa naye."

Neno *shoga* bara limepewa maana nyingine, lakini kwetu bado ni mwanamke anavyomwita rafiki yake wa kike. Nalitaja kwa sababu ndilo lililonichoma. Alikuwa ananiita rafiki huku ananiambia kitu ambacho insha yangu yote haikukiona.

Nilirudi kwenye kitabu na kukisoma kwa swali lake: nani amekaa na Rosa? Nilikuta watu wengi wanaompiga, wanaomtamani, wanaomshauri, wanaomhukumu. Nilikuta msomaji pia, yaani mimi, ninayeoneshwa kila kitu. Rosa hana pa kujificha mbele yangu. Njia ya riwaya hii ni kuanika: linaloumiza litolewe nje, jua liliwakie, watu waone. Njia hiyo ilihitajika. Lakini Rosa ndiye anayelipa gharama yake, maana anaanikwa pamoja na waliomtesa, na mwisho wake ndio ushahidi wa mwisho wa mwandishi. Kifo chake kinathibitisha hoja.

*Kichwamaji*, riwaya yake ya mwaka 1974, inaisha karibu vivyo hivyo. Msimulizi, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Ana akili nyingi na maswali mengi kuliko majibu, naye anajiua. Nimewasikia wanafunzi wenzangu wakiusifu mwisho ule kwa ukweli wake wa kifalsafa. Mimi pia niliusifu. Sasa nikiusoma najiuliza kama tumezoea kuona kifo cha kijana msomi kuwa ndiyo alama ya fikra nzito, na maisha yake yanayoendelea kuwa ni hadithi nyepesi.

Si jambo la Kiswahili peke yake. Goethe alipochapisha riwaya yake ya *Werther* mwaka 1774, kuhusu kijana anayejiua kwa mapenzi, Ulaya iliingiwa na hofu kwamba vijana wanamwiga, na mji wa Leipzig ukaipiga marufuku mwaka uliofuata. Hadi leo watafiti wanaita "athari ya Werther" ile hali ya habari za mtu kujiua kufuatiwa na vifo vingine vya aina hiyo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linawasihi waandishi wa habari wasieleze njia iliyotumika, wasitukuze, wasikifanye kifo kuwa suluhisho la matatizo. Kwa hesabu za shirika hilo zaidi ya watu 720,000 duniani hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hii ni mojawapo ya sababu kuu za kifo. Sidai kwamba Kezilahabi alimuua mtu. Riwaya si tangazo la redio, na sitaki kuona kitabu chake kikifungiwa tena. Nataka tu tuseme kwamba mwisho wa hadithi ni uamuzi, na uamuzi huo una msomaji wake, na msomaji huyo pengine amevaa mikono mirefu saa sita mchana.

Upande wa pili wa utafiti huo haujulikani sana kwetu. Mwaka 2010 watafiti wa Vienna waliochunguza habari za magazeti ya Austria walitoa matokeo yanayotia moyo: habari za watu waliofikiria kujiua, kisha wakapita katika dhiki yao bila kufanya hivyo, ziliambatana na kupungua kwa vifo. Wakaiita hali hiyo "athari ya Papageno". Papageno ni mshika ndege katika opera ya Mozart ya mwaka 1791, *Die Zauberflöte*, yaani Filimbi ya Ajabu. Anampoteza mpenzi wake, anakata tamaa, anataka kufa. Wanatokea wavulana watatu. Kinachonipendeza ni kwamba hawampi hotuba ndefu. Hawamwambii ana bahati kuliko wengine, wala hawamtishi kwa moto. Wanamkumbusha kwamba anazo njuga zake za kichawi, azipige. Kitu hicho alikuwa nacho muda wote. Ila alihitaji mtu amwambie.

Nilimsimulia rafiki yangu habari ya Papageno. Akauliza, "Na hao watoto baada ya hapo walikwenda wapi?" Nilicheka, lakini swali lilikuwa lile lile: nani amekaa naye.

Sheria nayo husimulia, na mara nyingi inasimulia kwa kuanika. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, katika kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kinapingana na katiba. Rafiki yangu hajawahi kushitakiwa na mtu, wala alichokuwa akikifanya si jaribio la kujiua. Lakini hofu ya sheria haisubiri ufafanuzi wa mawakili. Mama wa kijijini akiona damu hafikirii kwanza daktari. Anafikiria polisi, kisha majirani, kisha posa ambazo hazitakuja. Anafunga mlango. Ndivyo kuanika na kuficha vinavyolishana: kadiri mtu anavyoogopa kuanikwa ndivyo anavyofichwa zaidi.

Hapo ndipo neno *stara* lilipoanza kunisumbua. Sisi watu wa pwani tunajisifu kwalo. Mtu wa stara ni mtu wa heshima. Nyumba yenye stara haitoi mambo yake nje. Dua ya kila mzazi ni Mungu atusitiri. Nilidhani stara ndiyo adui. Niliandika rasimu ya kwanza ya makala haya nikiilaumu kutoka mwanzo hadi mwisho: stara ndiyo iliyomfungia rafiki yangu chumbani, ndiyo inayowaua mabinti. Ilikuwa rahisi kuiandika, na ingewapendeza wasomaji wa aina fulani, wale wanaotaka kusikia kwamba kila la kwetu ni kiza. Kisha nikasoma upya riwaya ya mtu wa kwetu, nikaona nimekosea.

Said Ahmed Mohamed alizaliwa Pemba mwaka 1947. *Utengano*, aliyoichapisha mwaka 1980, inaanzia ndani ya nyumba iliyofungwa. Maimuna anawekwa utawani na baba yake, Bwana Maksuudi, mkubwa mwenye mali na madaraka ambaye nje ya nyumba hana utawa wowote. Kwa macho ya mtaa nyumba ile ina stara kamili. Lakini mwandishi anatuonesha kwamba aliyesitiriwa pale ni Maksuudi peke yake. Kuta zinalinda jina lake, na Maimuna na mama yake, Bi Tamima, ndio wanaolipia kuta hizo kwa maisha yao. Hiyo si stara, ni kuficha. Tofauti yake unaijua kwa kuuliza: hili pazia linamkinga nani?

Maimuna anatoroka, anaangukia katika ulevi na ukahaba mjini. Kwa kanuni za riwaya nyingi za wakati ule alipaswa kufa. Hafi. Hii ndiyo sababu rafiki yangu anampenda Maimuna kuliko Rosa. "Kaishi na aibu yake," aliniambia, "na aibu ikachoka kabla yake." Sijawahi kusoma uhakiki wa *Utengano* uliosema jambo hilo vizuri kuliko hivyo.

Hata hivyo sikubali kila kitu katika riwaya ile. Tazama wanaompokea Maimuna. Bi Farashuu, mkunga, anamfungulia mlango, lakini ana kisasi chake cha zamani na Maksuudi, na binti huyu ni sehemu ya kisasi hicho. Wenye vilabu wanampokea kwa faida. Anayemwinua mwishoni ni Kabi, naye anamwinua kwa kumpenda na kumwoa. Nafurahi kwa ajili ya Maimuna. Lakini nawajua wanawake wa Chokocho, na najua wangesema nini kuhusu rafiki yangu lau wangejua: aolewe, atatulia. Riwaya, kwa nia njema kabisa, inawapa haki. Rafiki yangu hakuhitaji mume. Alihitaji mtu atakayekuja kesho pia, asiyetaka kitu.

Mtu huyo nilimpata katika *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999. Ni kitabu ambacho wengi tumekisoma sekondari, na wengine wameiona filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Darasani tulijadili Yasmin na Denge, ukoloni na ubaguzi, ndoa ya kulazimishwa na mzee Raza. Nakumbuka tulipewa swali la wahusika wakuu, na jina la Mwajuma likaingia katika mstari wa mwisho, chini ya "wahusika wengine".

Lakini bila Mwajuma hakuna riwaya. Yasmin anaikimbia ndoa, jamaa zake wanamkataa, na mlango unaofunguka ni wa Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo asiye na mali na asiye mtakatifu. Hamuulizi Yasmin ataondoka lini. Hamfichi kama aibu, wala hamtembezi mitaani kuwa kielelezo cha wema wake. Anamweka ndani na maisha yanaendelea, vicheko vyake, starehe zake, shida zake. *Vuta N'kuvute* si riwaya ya mtu anayejidhuru, na sitaki kuilazimisha iwe. Naichukua kwa sababu, katika vitabu nilivyovisoma, Mwajuma ndiye anayejibu vizuri kuliko wote swali la nani amekaa naye. Sisi tukamweka chini ya "wengine", kwa kuwa tumefundishwa kumtafuta anayeteseka na anayepigana, na hatujafundishwa kumwona anayekaa.

Sasa nina deni la kusema mimi nilikaaje, maana ni rahisi kuwahukumu waandishi.

Nilikaa vibaya. Rafiki yangu aliponiambia, aliniapisha nisimwambie mtu, nikaapa. Nilijiona mtunza siri hodari. Kila nilipopiga simu nilimuuliza "uko salama?" kwa sauti ya kuomba aseme ndiyo, naye, kwa adabu yake, alisema ndiyo. Niliogopa kumuuliza waziwazi kama anafikiria kufa, nikidhani swali lenyewe litampandia wazo. Baadaye nilijifunza kwamba hofu hiyo haina msingi: kumuuliza mtu swali hilo kwa upole hakumpandii wazo, na mara nyingi kunampunguzia mzigo. Lakini wakati ule nilikuwa nikimfichia. Nilijiambia namsitiri, kumbe pazia lile lilikuwa linanikinga mimi, nisilazimike kujua zaidi.

Usiku mmoja alinitumia ujumbe ambao sitaunukuu. Kwa mara ya kwanza haukuwa wa mtu anayetaka kelele zinyamaze. Nilikuwa mbali, bahari nzima katikati. Nilimpigia, nikamuuliza lile swali kwa maneno yake yenyewe: "Unataka kufa?" Alinyamaza, kisha akasema hajui. Nikamwambia nitamwambia mama yake mdogo, sasa hivi. Alisema nikifanya hivyo urafiki umekwisha. Nikafanya hivyo.

Nilimchagua mama mdogo kwa sababu ndiye mtu mzima ambaye sijawahi kumsikia akimsema mtu. Nilimwamkia, nikamwambia kwa ufupi, huku natetemeka. Hakuuliza kafanya nini wala kwa nini. Aliuliza, "Yuko peke yake?" Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Nakwenda." Alikwenda na mkeka wake, akalala chumba kimoja naye usiku ule na siku nyingi zilizofuata. Aliondoa vya kuondoa bila kutangaza. Kwa majirani alisema binti hajisikii vizuri na yeye amekuja kumuangalia, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Wiki ile ile alimpeleka hospitali, wakaondoka asubuhi mapema kama watu wanaokwenda mjini kununua vitu. Walisoma Yasini nyumbani pia. Dini inakataza mtu kujitoa roho, na nimewasikia watu wakilitumia katazo hilo kumnyamazisha mgonjwa. Mama mdogo hakulitaja hata siku moja. Kwake kisomo kilikuwa cha kumtuliza, na hospitali ya kumtibu, na hakuona ugomvi kati ya hivyo viwili.

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nakitafuta vitabuni. Kuficha ni kumfungia mtu pamoja na linalomuumiza, ukaondoka na ufunguo. Stara ni kumfunika ukiwa umesimama karibu naye, umeshika nguo kwa mkono wako mwenyewe. Anayesitiri anajua. Pengine anawaita wengine wawili watatu wanaostahili kujua. Kwa hiyo siri niliyoivunja haikuwa stara. Stara ilianza nilipoivunja.

Rafiki yangu hakusema nami kwa muda mrefu. Ramadhani ikaja ikapita, na katika Idi nilimpelekea salamu kupitia mama mdogo. Hakujibu. Sikumlaumu. Nilikuwa nimechagua awe hai amenikasirikia, na uchaguzi huo una gharama yake. Msimu wa karafuu ulipoanza nilikuwa nyumbani. Niliingia ukumbini kwao usiku, wanawake wameketi wanachambua, nikakaa pembeni yake bila kuulizwa. Kuchambua ni kazi nzuri kwa mazungumzo magumu: mikono ina shughuli, macho yako chini, karafuu huku, makonyo kule. Hatukusema neno. Usiku wa tatu akasema, "Weye huchambui, wavuruga tu." Basi tukaanza upya hapo.

Uhakiki huuliza kazi ya sanaa imesema nini na imesemaje. Nadhani tunapaswa kuongeza swali la tatu kwa maandishi yote yanayogusa maumivu ya mtu aliye hai au anayefanana na aliye hai: yamemweka wapi? Yamemwanika, yamemficha, au yamemsitiri? Swali hili linatuhusu hasa sisi tunaoandika mambo ya kweli. Hatuna kisingizio cha mhusika wa kubuni. Rafiki yangu atayasoma haya, na mama mdogo atasomewa. Maelezo ya jeraha yangewafanya msome kwa kasi zaidi. Yangemfanya yeye apunguze mwendo anapopita dukani.

Kama nawe una rafiki wa namna hii, sina zaidi ya niliyoyaona. Muulize waziwazi. Usiape usichoweza kukitimiza. Mtafute mtu mzima asiyesema watu. Asiachwe peke yake usiku mbaya, na apelekwe kwa wenye utaalamu hata kama kisomo kinaendelea. Na kama ni wewe mwenyewe, mwambie mtu mmoja leo, hata kwa sentensi isiyokamilika.

Nilimpa rafiki yangu rasimu hii aisome kabla ya kuituma. Alikata sentensi moja. Nilikuwa nimeandika kwamba amepona. Akaniambia, "Hujui, na miye sijui. Andika unachokijua." Ninachokijua ni kwamba bado anahudhuria kliniki, kwamba zipo wiki nzuri na zipo wiki ambazo mama mdogo anarudi na mkeka, na kwamba amesoma *Vuta N'kuvute* mara mbili. Alipomaliza mara ya pili aliniuliza, "Na huyo Mwajuma, yeye anamwambia nani ya kwake?"

Sikuwa na jibu la kitabuni. Nilimwambia kwamba kuanzia mwezi ule nami nimeanza kwenda kwa mshauri wa wanafunzi, kila Jumatano. Akasema vizuri, na akanisogezea fungu lingine la karafuu.